Kijisanduku cha Nani Yupo

Pale ofisini walimwita Fundi, ingawa hakuwahi kushika nyundo; kazi yake ilikuwa kuandika programu. Kampuni ilikuwa na mtandao wake wa ndani, ambamo wafanyakazi walipiga soga na kupeana taarifa. Bosi akamtaka autengenezee wijeti, kijisanduku cha pembeni mwa ukurasa, kionyeshe nani yuko kazini. Kila dakika kingeuliza, "Nani yupo?" na kompyuta za watu zingejibu.

Siku ya kwanza kilionyesha watu kumi na wanne. Ofisi nzima walikuwa kumi na watatu.

Huyo wa ziada hakuwa na jina wala picha, duara jeusi tu, kando ya jina la karani wa masjala. Fundi akapekua kazi yake mstari kwa mstari, asione kosa. Saa sita mchana harufu ya udongo mbichi wa kaburi ilitoka masjala, na karani akaifuata nyuma, kajishika koo. Alifungua kinywa, sauti haikutoka.

"Mafua hayo," bosi alisema. "Nenda kapumzike."

Kesho yake duara lilikuwa limehamia kwa binti wa mapokezi, mdogo wake Fundi, tumbo moja.

Fundi alishuka ngazi mbiombio.

"Dada," mdogo wake alinong'ona, shingo kaikaza, "kuna mtu ananipumulia kisogoni. Tangu asubuhi. Nigeuke?"

"Usigeuke!"

Alikwisha kugeuka. Macho yakamganda, simu zote za ofisi zikaanza kulia kwa pamoja, na katikati ya makelele yale Fundi akasikia kitu kikikwaruza chini ya sakafu, kikija taratibu, kikipita chini ya nyayo zake hasa, kikipanda kwenye kiti cha mdogo wake, mpaka midomo ya binti yule ikafunguka na sauti nzito ya kiume, kama ya mtu aliyelala miaka mingi, ikasema, "Nipo."

Shangazi yao alikuwa mganga wa majini. Alifika kabla ya alasiri, akasikiliza habari ya wijeti, akashika kiuno.

"Kila dakika unaita, na humtaji unayemwita? Mwanangu, umeitikiwa! Mimi nitasoma, lakini wewe uliyemwita ndiwe wa kumwondoa."

Shangazi akaanza kusoma. Fundi alipiga magoti, akaushika mkono wa mdogo wake, wa baridi kama chuma.

"Sikukuita wewe," alisema, meno yakigongana. "Niliita wenzangu. Niachie mtoto wa mama yangu, uende zako."

Akaifuta wijeti. Kitu kikacheka ndani ya kifua cha binti, mlango wa kioo ukajifungua wenyewe, na ile harufu ikatoka nje. Mdogo wake akaangua kilio, kwa sauti yake mwenyewe. Wakakumbatiana.

"Umeifuta?" bosi aliuliza, jasho likimtiririka. "Mbona jana niliigawa kwa matawi yote? Kila tawi lina nakala yake."

Simu ya mapokezi ikalia. Fundi akaipokea.

"Wewe ndiye uliyetengeneza kile kijisanduku?" mwanamke alinong'ona kutoka tawi la mbali. "Njoo upesi, dada. Hapa nimebaki mimi tu ninayeweza kusema."