Kunguni Hawakugeuka

Watu wa mtaani wananiita Mama Gesti. Nina nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Kila asubuhi wageni wakishatoka, navua shuka, nafagia, napiga deki, natandika upya. Mume wangu ni seremala. Vitanda vyote sita alivitengeneza yeye, na ukivisifia atakueleza habari ya kila msumari. Mtoto wetu wa mwisho, ambaye tunamwita Kitinda, yuko sekondari. Anataka kuwa mkunga.

Kitinda alikuwa mtu wangu. Tangu akiwa mdogo tulitandika vitanda pamoja, yeye upande wa miguuni, mimi mchagoni. Yeye aliuliza, mimi nikajibu. Mama, kwa nini mapacha wengine hawafanani? Mama, kwa nini povu la sabuni ni jeupe hata sabuni ikiwa ya bluu? Nikijua nilijibu, na nisipojua nilijibu vilevile. Nikishasema, kwake maneno yalikuwa yamekwisha.

Kisha shuleni kwao akaja mwalimu mpya wa biolojia, mwanamke wa rika langu, mwenye miwani mikubwa. Kabla mwezi haujaisha nyumba nzima ilikuwa imejaa habari zake. Mwalimu amesema maji ya kunywa yachemke vizuri. Mwalimu amesema chakula huanza kusagwa mdomoni. Hata nikitia chumvi kwenye mboga, Mwalimu alikuwa na neno. Moyoni nikampa jina, Miwani, nikawa namwonea wivu mchana kweupe.

Nasema wivu kwa sababu ndio ulivyokuwa. Sikuibiwa mume, niliibiwa masikio ya mwanangu. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa mimi mamaye nilikuwa hai, mzima, nafunza kila siku, na bado ulimwengu ukaingia kwangu umevaa miwani. Na si hayo tu. Miwani alikuwa anasali kanisani kwetu, na kwenye kwaya tuliwekwa bega kwa bega, sauti ya pili. Aliimba vizuri, na hilo nalo liliniuma.

Siku moja mchana, tukiwa mezani, Kitinda alisema wameanza mada mpya, mageuzi ya viumbe. Nikamwuliza kugeuka kutoka nini kuwa nini. Akaanza kueleza, sikumpa nafasi.

"Mke wa Lutu aligeuka nguzo ya chumvi," nikamwambia. "Hilo nalijua, tumelisoma. Lakini nani alimwona nyani akigeuka mtu?"

Mume wangu akasema yeye anawafahamu watu kadhaa waliogeuka kwa kurudi nyuma, toka mtu kuwa nyani. Akacheka peke yake. Kitinda hakucheka.

"Mama, Mwalimu hakusema hivyo."

Hapo ndipo aliponimaliza. Wiki hiyohiyo alileta fomu ya kuchagua masomo, na mzazi alitakiwa kutia sahihi. Nikaifungia kwenye droo ya mapokezi. Nikasema biolojia nitaifuta, achague somo lingine. Bila biolojia hakuna ukunga, na nilijua. Kanisani nilijiambia nalinda imani ya mtoto. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili nilikuwa nayo kifuani, nayo ilivaa miwani.

Kitinda alitandika vitanda kimya, na maswali yakaisha kabisa. Fomu ilitakiwa shuleni baada ya wiki mbili.

Katika siku hizohizo, mgeni wa chumba namba nne aliamka na vipele mstari mzima mkononi. Kunguni. Hawakuwa wageni kwetu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nanunua dawa ileile, ya kopo jekundu, napuliza na pampu kila walipotokea. Mwaka wa kwanza walikufa wote, nikawafagia kama makombo. Mwaka wa pili nikapuliza mara mbili. Sasa nilikuwa naongeza dawa na kupunguza maji mpaka mume wangu anakohoa, na wao wanatembea tu. Wageni wawili walihama asubuhi moja. Mmoja aliniambia nyumba yangu inawalisha kunguni kuliko watu.

"Wameizoea dawa," nikamwambia mume wangu.

"Basi na sisi tuizoee," akasema, akakohoa.

Nikaenda kituo cha afya kumwomba bibi afya aje. Alikuja siku ya pili, mwanamke mwembamba, mwepesi, mwenye tochi mfukoni na kadi ngumu mkononi. Hakukaa, hata maji alisema baadaye. Akaingia namba nne, akapindua godoro, akamulika mishono, kisha akapitisha kadi yake kwenye viungio vya kitanda. Wakatoka kunguni tisa. Mume wangu alisimama mlangoni akasema kile ni kitanda cha mbao nzuri. Bibi afya akamjibu kwamba ni kizuri sana, hata kunguni wamekubali.

Akamweka kunguni mmoja kwenye sahani, akaniambia nimpulizie dawa yangu. Nikapuliza. Kunguni akasimama kidogo, kisha akaendelea na safari yake.

"Si unaona?" nikasema. "Wameizoea."

"Hapana, mama. Hakuna kunguni aliyezoea. Aliyekufa na dawa hakusubiri azoee." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Una watoto wangapi?"

"Wanne."

"Wanafanana?"

"Wanafanana kidogo, lakini kila mmoja ana lake."

"Na kunguni ni hivyohivyo. Ulipoanza, miongoni mwa mamia ya kunguni, wachache walikuwa wamezaliwa na ngozi ngumu kidogo, au mwili unaoivunja sumu. Hawakujifunza, walizaliwa hivyo tu. Ukapuliza. Wengi wakafa. Wachache wale?"

"Wakabaki."

"Nani sasa akazaa?"

Jibu nililijua lakini lilikuwa na aibu ndani yake. "Hao waliobaki," nikasema. "Na watoto wakarithi ngozi za wazazi wao."

"Mwaka hadi mwaka, kwa dawa ileile. Wewe ndiye uliyewachagulia wazazi, mama. Hao sasa wanaitwa kunguni sugu."

Akaniambia niache mara moja kuongeza dawa, kwa sababu inaumiza vifua vya watu na haiwaui kunguni. Tutumie joto. Shuka, foronya na mapazia viingie kwenye maji ya moto yanayochemka. Mishono ya godoro ipitiwe na mvuke au pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi, polepole. Nyufa za vitanda zisuguliwe kwa brashi, kisha zizibwe. Vitanda visiguse ukuta. Tukague kila wiki, kwa sababu mayai huanguliwa baadaye. Ikibidi dawa, atakuja mtaalamu na dawa ya aina nyingine, apime mwenyewe.

"Usiwapige kwa njia moja," alisema. "Atakayeponea huku, mkamate kule."

Siku hiyo nilifurahi kuliko kawaida, na nitasema kwa nini. Nilikuwa nimepata kitu cha kumweleza mwanangu. Chakula kilipokuwa mezani nikaanza. Nikamweleza Kitinda kwamba dawa ni kama chujio. Inawapitisha walewale kila mara, wanazaa walewale, na mwisho unabaki na ukoo mzima unaopita kwenye chujio. Nikamwambia hakuna aliyezoea na hakuna aliyejifunza. Waliobaki ndio waliozaa. Kitinda aliacha kula. Alinitazama mimi, macho yote mawili, kama zamani. Nikaendelea, nikaongeza mifano, nikawa najisikia vizuri sana.

Nilipomaliza, akainuka, akarudi na daftari lake. Akalifungua mbele yangu. Palichorwa wadudu wengi wadogo. Mstari wa kwanza weusi wawili kati ya weupe kumi na wanane. Mstari wa pili, weupe wamekatwa kwa kalamu nyekundu. Mstari wa tatu, weusi watupu na watoto wao. Juu aliandika: Mageuzi ya viumbe. Uteuzi asilia.

"Mama," akasema taratibu, "ulivyoeleza ndivyo alivyosema Mwalimu."

Mume wangu alijifunika mdomo kwa mkono. Hasira ilinipanda, na ilikuwa hasira ya kijinga kabisa. Hata kunguni wangu, wa kitanda changu, Miwani alikuwa amenitangulia kuwachukua. Nikaondoa vyombo mezani kabla watu hawajashiba.

Lakini usingizi wa mtu mwenye kijicho ni mfupi, na kufikia Jumamosi nilikuwa nimechoka kubishana na nafsi yangu. Ile fomu nikaitoa kwenye droo, nikaitia ndani ya kitabu cha nyimbo. Mazoezi ya kwaya yalipokwisha, wenzetu wakawa wanapanga viti, nikamshika Miwani mkono.

"Mwalimu, nataka kuuliza. Hili neno kugeuka."

Akavua miwani, akafuta macho. Alisema neno hilo linamtesa kila mwaka. Watu wakisikia mageuzi wanafikiri mnyama analala hivi anaamka vile.

"Kunguni wako yupi aligeuka?" akaniuliza. Kumbe habari zangu zilishamfikia.

"Hakuna. Waliokufa walikufa, waliobaki wakazaa."

"Ndivyo ilivyo. Kilichobadilika ni ukoo, si kunguni mmoja. Ipe kazi hiyo muda mrefu sana, na koo zinaachana mbali."

"Na nyani?"

"Nyani hakugeuka mtu, dada. Wataalamu wamelinganisha mifupa ya kale na chembe za urithi, wameona sisi na nyani ni ndugu wa mbali mno. Babu yetu wa pamoja aliishi mamilioni ya miaka iliyopita. Hakuwa nyani huyu wa leo, wala hakuwa mtu."

Nikamwuliza Mungu anamweka wapi. Hakukasirika. Alisema anamweka palepale alipokuwa. Kitabu chetu kinamwambia ni nani aliyeumba na kwa nini. Somo lake linachunguza imekuwaje. Alisema wapo waumini wanaosoma tofauti na yeye, naye hagombani nao.

"Mtoto akija darasani simpimi imani," alisema. "Napima ameelewa nini. Kuamini ataamini mwenyewe, na nyumbani kuna wazazi."

Hilo la babu wa pamoja bado nalitafuna, sitasema uongo. Lakini nilikuwa nimekuja na jambo jingine, na ilibidi nilitoe.

"Nilikuwa nakuonea wivu," nikamwambia. "Kila siku nyumbani ni Mwalimu amesema, Mwalimu amesema."

Miwani akanitazama, akaanza kucheka mpaka akashika kiti.

"Wewe uniambie mimi? Kila nikifundisha, binti yako mkono juu. Lakini mama amesema. Mama amesema mapacha wengine hawafanani. Mama amesema povu ni jeupe. Nikawa najiuliza, huyu mama ni nani, na shule hii ananiachia saa ngapi. Nami nilikuonea wivu, dada. Na kwenye sauti ya pili unanizidi pumzi."

Nilitaka kujikausha, nikashindwa. Machozi yalinitoka palepale kati ya viti. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakagua magodoro tu. Nikaiweka fomu juu ya kitabu cha nyimbo, nikaazima kalamu yake, nikatia sahihi bila kufuta somo hata moja.

Kazi ya kunguni ilituchukua miezi miwili. Tulichemsha shuka mpaka mikono ikawa myekundu. Kitinda alipitisha pasi kwenye mishono, mimi nikamulika tochi. Mume wangu aliviziba viungio vyake kimyakimya, na kwa ajili ya chumba namba nne alitengeneza kitanda kipya kisicho na ufa. Hicho sasa ndicho anachosimulia. Kila Jumatatu tunakagua. Mwezi wa kwanza tuliwakuta watatu, wa pili mmoja. Baada ya hapo hatujamwona tena, ila tunaendelea kukagua. Kifua cha mume wangu kimetulia. Mmoja wa wale wageni wawili waliohama alirudi, akaomba namba nne.

Na wakati tunafanya kazi, maswali yalirudi. Nikijua najibu. Nisipojua, siku hizi nasema sijui, tumwulize Mwalimu.

Mwezi uliopita Miwani aliniita darasani kwake. Nilikwenda na kopo langu jekundu, pasi, na chupa yenye kunguni wawili waliokufa. Niliogopa kuliko siku ya harusi yangu. Nikawaeleza habari ya gesti yangu yote, na makosa yangu sikuyaficha. Msichana wa nyuma akauliza kama kunguni waligeuka. Nikamwambia hakuna aliyegeuka, waliobaki ndio waliozaa. Miwani alikuwa amekaa kwenye dawati la mwanafunzi, anaandika.

Kisha Kitinda akanyoosha mkono, mstari wa mbele.

"Mwalimu, naomba kuuliza," akasema.

Miwani akainua kichwa. Lakini mtoto alikuwa ananitazama mimi.