Makumbi Ndani ya Chemchemi

Kila asubuhi kabla ya shule, Mwatum wa mtaa wa Chumbageni aliteka maji kwenye chemchemi ya bustani ya mjini. Mabomba ya mtaani yalikuwa makavu, na mwaka ule wa foleni za sabuni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, nani angelalamika? Chemchemi yenyewe, iliyorusha maji ya kisima kwa pampu, ilijengwa zama za mkonge kushamiri. Maharusi walipigiwa picha pale, na watoto walilowesha nguo mpya za Idi wakachapwa na mama zao. Basi siku moja ikanyamaza.

"Mzee Hatibu kauza vyuma vya pampu," watu wa barazani walinong'ona. "Magendo hayo!"

Hatibu ndiye aliyeitunza tangu ujana wake. Ofisi ya bustani ikasema Ijumaa atafukuzwa kazi.

Mwatum aliyasikia yote asihisi kitu. Alikula, akaenda shule, akalala, moyo umekufa ganzi. Maana aliyeiziba ni yeye. Maji yalikuwa yakiruka juu na kumwagika nje ya ndoo, naye akachomeka makumbi ya nazi kwenye mdomo wa bomba, kama bibi yake anavyoziba dumu la mafuta, ili yachuruzike taratibu. Makumbi yakazama ndani, yakavimba.

Alhamisi jioni bibi yake, Bi Mwanasiti, alimkazia macho. "Una nini wewe? Siku hizi umekuwa kama gogo!"

"Bibi, chemchemi niliiziba mimi." Akaeleza yote kwa sauti kavu.

"Ala! Mtu anakwenda kufukuzwa, na wewe kimya?" Bibi akajitanda kanga. "Twende!"

"Shikamoo, babu," Mwatum alisema bustanini, akarudia maelezo yake.

Mzee Hatibu alichukua waya. Akaukunja ncha, akalichokonoa bomba, akavuta. Likatoka donge jeusi la makumbi. Alipowasha pampu, maji yaliruka kupita vichwa vyao. Bwana wa ofisi akaitwa, akajionea, akamwambia Hatibu aendelee na kazi.

Mwatum aliyatazama maji. Bado hakuhisi kitu.

"Umesema kweli, nami nimebaki na kazi yangu," alisema Mzee Hatibu. "Lakini wiki nzima wenzangu wa barazani wamenipita bila salamu, mjukuu wangu. Hata msikitini nimekaa pembeni. Kosa lako lilikuwa dogo, kunyamaza ndiko kulikolikuza. Ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwingine hajakubebea."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Mwatum, mengi, mpaka akashindwa kupumua.

"Nitawaambia mwenyewe," alisema, akatangulia kwenda barazani.