Diski Iliyozunguka Nyumba Saba

Bi Zarina alikuwa na duka dogo la kuchapisha barua pale Kilindoni. Wavuvi wa kisiwa cha Juani walimletea maombi yao ya vibali vya kuvua ndani ya hifadhi ya bahari. Kompyuta ilikuwa hiyo hiyo moja, ya kazi na ya nyumbani. Ndani yake ilikaa sauti ya marehemu mumewe, Baqir, ambaye yeye alimwita Baba Hawra. Rekodi kumi na mbili, wala hazikuwa na nakala.

Kompyuta ikaanza kujikokota. Jirani yake, Mize, akaja na diski.

"Mfumo mpya wa kompyuta huu, shoga. Bure! Umeshazunguka nyumba saba."

Kilindoni watu huazimana mbuzi ya kukunia nazi, na haulizwi mtu imetoka kwa nani. Zarina naye hakuuliza. Akaiweka diski.

Kesho yake mafaili hayakufunguka. Diski ilikuja na virusi. Baqir akanyamaza mara ya pili.

Zarina hakula siku mbili. Mize alileta visheti vya kuomba radhi, akaishia kuvila mwenyewe, huku analia.

Akaitwa Mwanahalima, mwalimu wa kompyuta wa Kirongwe.

"Shikamoo, Bi Zarina."

"Marahaba. Mwalimu, nifufulie."

"Kompyuta?"

"Mume wangu."

Mwanahalima hakucheka. Alichomeka flashi yake, akaiwasha kompyuta kwa mfumo uliokuwa ndani ya flashi hiyo.

"Mfumo endeshi ndio unaoiamsha kompyuta na kuziongoza programu zote," alisema. "Usiuchague kwa ubure wake. Anza na kazi. Wewe unafanya nini?"

"Naandika barua, nachapisha. Jioni namsikiliza Baqir."

"Basi Linux, mfumo huu nilio nao, itakutosha. Ni bure kihalali, na inapakuliwa kwa wenyewe walioitengeneza. Ungekuwa na programu inayotaka Windows, ungenunua Windows halali. Tujaribu printa kwanza, kabla hatujafuta kitu."

Printa ikakubali. Mwalimu akaweka mfumo, akatenga akaunti ya duka na ya nyumbani.

"Na Baqir?"

"Kumi na moja zimepotea, mama. Hii moja virusi havikuifikia; niliitoa kabla ya kufuta, nimeiwekea nakala tatu."

Duka likafunguliwa. Maombi ya Juani yakatoka kwa wakati. Mize akaja kuazima hiyo Linux, safari hii akauliza kwanza: "Imetoka kwa nani?"

Kila jioni Zarina hufungua ile rekodi moja. Kikohozi, kisha sauti: "Zarina, hiki kidude kinarekodi? Chai haina sukari."

"Kinarekodi, Baba Hawra," hujibu.

Kisha huongeza kijiko kimoja cha sukari kwenye chai yake, yeye asiyeipenda.