Mshono wa Watu Elfu Saba

Ungeliona gari lile likiteremka milima ya Mbeya bila dereva, ubongo wake, yaani programu zake za kompyuta, ukibadilishwa huku likienda, ungeshika kichwa! Kipande cha macho kiliandikwa Kisumu, cha breki Bujumbura, cha usukani hapo hapo Mbeya. Waandishi elfu saba wasiojuana hata kwa sura. Kila karakana ya waandishi hao iliwaahidi jirani zake neno moja tu: nipe hiki, nitakupa kile. Kuchungulia ndani ya kipande cha mwenzako, marufuku. Kisha mtambo ulioitwa Mshonaji ukaviunganisha vyote kufumba na kufumbua, na gari halikuyumba hata kidogo.

Mhandisi Atupele Mwasomola ndiye aliyeidhinisha kila mshono. Miaka tisa sasa, na bado mwili ulimsisimka. Jamani, watu wanaweza!

Mpaka asubuhi moja yenye ukungu, gari lilipomgonga Ambokile, fundi baiskeli, akafa palepale.

Uchunguzi ulikwisha siku ya tatu. Katika mshono wa asubuhi ile, macho yalimwona Ambokile, yakangoja breki ziulize. Breki nazo zikangoja kuambiwa. Kila kipande kilitimiza ahadi yake. Mkurugenzi wa kampuni alimkabidhi Atupele barua ya kupeleka msibani.

"Isome kama ilivyo," alimwonya. "Ukikiri kosa, kazi huna."

Mjane, Bi Tusekile, alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake. Atupele alisimama mlangoni, viatu bado miguuni, akasoma: hakuna aliyekosea.

"Mwanangu," mjane aliuliza, "gari hilo alilitengeneza nani?"

"Watu elfu saba, mama."

"Elfu saba!" Bi Tusekile alisahau kilio kwa kitambo. "Wote hao wakashika kazi moja, wakaelewana? Makubwa haya!" Kisha akatazama uani. "Na leo siku ya tatu, hajaja hata mmoja kunipa pole."

Atupele alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Akaikunja barua, akavua viatu.

"Nimekuja mimi, mama. Mshono ule niliupitisha mimi. Nilipaswa kuuliza nani ataziambia breki. Sikuuliza, nilikuwa nashangaa uzuri wake tu. Pole sana, mama. Nisamehe."

Bi Tusekile, machozi yakimtiririka, alisogea kumpa nafasi mkekani.

"Keti," alisema. "Ukitoka hapa, waelekeze na wenzako njia ya kufika hapa."