Kalibu ya Shaba ya Wendell

Asubuhi ile Orrin Tveit alikula mayai yake mawili, akaosha sahani, akavaa koti na kwenda kwa jirani yake Maxine Pruitt kuchagua kalibu ya risasi, kile chombo cha kumiminia madini ya moto yagande yawe risasi. Tangu mkewe Lorene afariki, mwaka wa tatu huo, safari zake zilikuwa za posta na za dukani tu, basi hata hii ya kalibu aliinyolea ndevu. Jua lilikuwa limewaka juu ya theluji ya kwanza ya Oktoba na barabara ilikuwa nyeupe. Mambo ya aina hii hayaji na matarumbeta.

Kalibu yake ya zamani ilikuwa imepinda, na dubu alishaua ndama wake wawili kule kijitoni. Orrin alikuwa na rivolva ya mtutu mpana, zile kubwa zinazomvuta mtu suruali upande mmoja, na risasi zake alizimimina mwenyewe kama wanaume wengi wa bonde lile la Montana. Za dukani hakuziamini. Ndivyo walivyo wale watu, bishana nao uone.

Maxine alimfungulia kibanda cha marehemu mumewe. Wendell alikufa mwezi wa Agosti, akiwa ameketi humo humo kwenye kigoda chake cha kazi, na kalibu zake zilikuwa bado zimepangwa ukutani.

"Chagua uitakayo," alisema Maxine. "Hela sitaki. Utanisafishia theluji mlangoni mpaka masika."

"Utajuta, Maxine. Hapa pana mali."

"Mali gani? Mume wangu alizibembeleza hizi kuliko alivyonibembeleza mimi."

Orrin alijichagulia taratibu, maana kalibu haichaguliwi kwa macho. Aliipima ya aluminiamu, yenye vyumba sita vya kumiminia, akairudisha. Ile hupata moto haraka na kupoa haraka, ni ya kijana mwenye pupa. Ya chuma ilikuwa nzuri ila ilitoa risasi ya pua ya mviringo, na kwa dubu unataka pua bapa, ivunje mfupa. Mwishowe akafika kwenye ya shaba. Nzito, vyumba viwili, pua bapa, vipande vyake vimeshikana hata wembe usipite. Ilikuwa imefungwa na risasi mbili zilikuwa bado ndani, zimegandia humo.

Hilo halikumshangaza. Wamiminaji wengi huacha risasi za mwisho ndani ya kalibu ili kutu isipate pa kuingilia.

"Hiyo alikuwa haiachi," Maxine alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Alishinda humu akiongea na Clifton."

Clifton alikuwa kaka yake Wendell. Alizama mtoni wakiwa vijana.

"Mtu ukikaa peke yako unaongea," Orrin alisema. "Mimi naongea na jiko."

"Na jiko linakujibu?"

Orrin alicheka. Maxine hakucheka.

Mchana huo huo akawasha moto kibandani kwake, nyuma ya nyumba. Madini yalipoyeyuka kwenye sufuria ya chuma akaigonga kalibu kwa nyundo ya mti, ikafunguka, na zile risasi mbili za Wendell zikaangukia taulo. Akazitia sufuriani ziyeyuke na madini mengine. Zilizama polepole kuliko inavyopaswa. Kisha akasikia mtu akishusha pumzi nyuma yake, kama aliyekuwa amebanwa mahali kwa muda mrefu.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Akajiambia ni upepo, akamimina. Risasi ya chumba cha mbele ilitoka safi. Ya chumba cha nyuma ilikuwa na alama kwenye pua yake. Aliisogeza dirishani. Ilikuwa alama ya dole gumba, mistari yote inaonekana, imegandamizwa kwenye madini ambayo dakika moja nyuma yangemla mtu nyama mpaka mfupani. Akakichungulia chumba cha kalibu. Kilikuwa laini kama kioo.

Akamimina tena. Dole gumba tena. Dogo, jembamba.

"Orrin," sauti ikanong'ona begani kwake. "Umekula?"

Ilikuwa sauti ya Lorene.

Mwingine angekimbia. Na mimi ningekimbia, msinicheke. Lakini miaka mitatu hakuna mtu aliyemuuliza Orrin kama amekula. Alisimama na kijiko cha kumiminia mkononi, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Mayai," alijibu. "Mawili."

"Mayai tu? Ndiyo maana umekonda."

Siku tatu hakutoka kibandani ila kwenda kulala. Dubu akala ndama wa tatu, Orrin hakujali. Alimimina na kuongea, akamimina na kuongea. Alimweleza Lorene habari za miaka yote mitatu, naye alijibu, alimkosoa, alimtania kuhusu soksi zake. Jioni ya pili Orrin alileta kigoda kingine, akakiweka mkabala na chake. Furaha aliyokuwa nayo ilimtia aibu.

Siku ya tatu akataka kuokota msumari ukamteleza. Akajaribu tena, ukateleza. Akatazama kidole gumba chake.

Hakikuwa na mistari. Kilikuwa laini, tupu, kama ganda la yai. Akaangalia risasi ya mwisho kwenye taulo. Alama ilikuwa imekuwa pana. Ilikuwa yake.

"Sogea karibu," sauti ikasema. "Bado kidogo."

Hapo ndipo akili yake ya fundi ilipoamka. Shaba haishiki kutu. Mmiminaji gani anaacha risasi ndani ya kalibu ya shaba? Wendell hakuwa anazuia kutu. Alikuwa anaziba.

Alikimbilia simu ndani ya nyumba.

"Maxine. Vidole vya Wendell vilikuwaje?"

Alisikia Maxine akivuta kiti na kuketi.

"Mtu wa mazishi aliniuliza kama mume wangu alikuwa fundi wa plasta, maana saruji hula ncha za vidole," Maxine alinong'ona. "Vyote kumi vilikuwa vimelainika, havina mstari hata mmoja."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Orrin? Ungeniona kichaa. Ijaze. Ijaze kama Wendell alivyoiacha, usiifungue tena."

Aliijaza. Madini mengine yakamwagika mezani. Wakati yanaganda, ile sauti ilisema jina lake mara moja, taratibu, bila hasira. Kisha basi.

Bintiye Janelle alipiga simu kutoka Boise kama kila wiki, kumsihi ahamie kwake. Safari hii baba yake alikubali. Janelle akalia kwa furaha, akasema atamfuata Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi. Orrin alihitaji kuvumilia siku mbili tu.

Alipanga nguo begini. Akafagia. Akawasha redio, akaizima. Ijumaa asubuhi alikaa mezani, chakula mbele yake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Nyumba ilikuwa kimya hata akasikia theluji ikidondoka kutoka paani. Alijua kilichokuwa mle ndani si Lorene. Alilijua hilo vizuri. Lakini kilikuwa kinazijua soksi zake.

Saa sita mchana akavaa koti. Akaenda kibandani. Akachukua nyundo ya mti.

Janelle alifika Jumamosi saa nne asubuhi. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu. Gari lilikuwepo. Rivolva ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake. Nyayo za baba yake zilitoka mlangoni zikaenda kibandani, na hazikurudi.

Kibandani palikuwa na vigoda viwili vimesogezwa hadi vinagusana. Hakuna mtu. Sufuria ilikuwa na barafu juu. Kalibu ya shaba ilikuwa mezani, imefungwa, imejaa. Janelle aliiokota, nusura aiangushe.

Ilikuwa ya moto.

Walimtafuta Orrin kwa mbwa mpaka masika, mtoni, msituni, kwenye mapango. Maxine alimweleza Janelle yote, hata yale Orrin aliyomsimulia kwenye simu, akamwomba aitupe ile kalibu kwenye maji yenye kina.

Hajaitupa. Iko Boise, juu ya rafu sebuleni, na huu ni msimu wa pili wa baridi. Mimi ni jirani yake huko, nimeigusa mwenyewe kwa mkono huu. Ina joto la paji la uso la mtu aliyelala. Janelle anasema hatakaa aifungue, na mimi humwambia amefanya vyema.

Juzi nilifungua kabati lake la jikoni natafuta chumvi, nikakuta nyundo ya mti, mpya, bado ina karatasi ya dukani. Nikamtazama. Alisema ni ya kupondea nyama.