Macho Yaliyopewa Jiwe

Nukta nyekundu iliacha barabara, ikatambaa taratibu mpaka kwenye kiti cha mbele, kiti kitupu, ikatulia hapo.

Kokulinda akadhani mashine imekosea. Kazi yake binti huyu wa Kihaya, pale Mwanza, ilikuwa kuwavalisha madereva miwani yenye vikamera, ajue wanatazama wapi na akili zao zinachoka vipi. Mboni ikipanuka, ujue kichwa kimebeba mzigo. Na nukta ile kwenye kompyuta ndiyo jicho lenyewe: jicho la mzee Ndalahwa, dereva wa basi la shule.

"Shikamoo mzee. Jana ulikuwa unatazama nini pale kitini?"

"Marahaba. Kiti gani tena? Mimi natazama barabara, mwanangu. Nabeba watoto wa watu thelathini na wawili, sio viazi."

Lakini dakika nne nzima mboni zake zilikuwa zimepanuka, jicho lote jeusi tii.

Kesho yake zikawa dakika tisa. Siku ya tatu Kokulinda akapanda basi, akakaa nyuma na watoto. Jua la asubuhi linawaka, ziwa linameta, watoto wanaimba. Mara harufu ikaingia, harufu ya tope la chini kabisa ya ziwa, na watoto wakanyamaza mmoja mmoja bila kuambiwa, na kwenye kompyuta mapajani mwake nukta ikaanza kutambaa, ikaacha barabara, ikaacha kioo, ikapanda kile kiti kitupu ambacho sasa kilikuwa kimebonyea na kulowa kana kwamba kimekaliwa na mtu mzito aliyetoka majini, na basi nalo likaanza kupinda, polepole, kama ng'ombe anayekwenda kunywa.

"Mzee! Mzee Ndalahwa, breki!"

Basi likasimama. Tairi la mbele lilikuwa limeshakanyaga maji.

"Mbona unanipigia kelele?" mzee akanong'ona, jasho linamchuruzika. "Si niko barabarani?"

Watoto wakapelekwa shule kwa miguu. Wao wawili wakaenda kwa Mama Shimba, mganga wa pale ufukweni. Hakutaka kuku wala kitambaa. Aliuliza neno moja tu.

"Alilitazama lile jiwe?"

Kokulinda akakumbuka. Miwani ile, kabla ya kazi, dereva lazima akazie macho kitu kimoja cha mbali kisichotikisika, mpaka mashine imzoee. Yeye alikuwa amechagua jiwe kubwa lililosimama ndani ya maji. Mzee alikataa. Madereva wa njia ile wote wakifika hapo huinamisha macho. "Hilo hatulikodolei, binti." Naye akacheka: "Sekunde kumi tu, mzee! Jiwe litakung'ata?" Mzee akatii, maana aliyesema ni msomi.

"Jiwe limepewa macho, linayatumia," akasema Mama Shimba.

"Aache kuendesha," Kokulinda akasema kwa sauti ndogo.

"Litamwita hata kwa miguu. Hayarudi mpaka aliyeyatoa atoe ya kwake."

"Niacheni," akasema Ndalahwa. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Huyu bado mtoto."

"Nani alikwambia utazame, mzee wangu?" Kokulinda akamjibu, akavua viatu.

Akaingia ziwani mpaka magotini. Nyuma yake Mama Shimba alipiga maji kwa tawi, akihesabu kwa Kisukuma. Jiwe lilikuwa jiwe tu, na kinyesi cha ndege juu yake, mpaka pale alipotaka kupepesa macho na kope zikakataa.

Jumatatu nukta ya Ndalahwa haikutoka barabarani hata mara moja. Watoto walifika wanaimba. Kokulinda akalia kwa furaha.

Jumapili mama yake akaja kutoka Bukoba. Wakakaa kula, wanatazamana, ndizi zinafuka moshi katikati yao. Mama akaanza habari za msiba wa jirani, kisha upawa ukamsimama mkononi.

"Koku," akanong'ona, "mbona naongea nawe, wewe unamtazama mwingine nyuma yangu?"

"Nakutazama wewe, mama."

Harufu ya tope la ziwa ikafunika ya ndizi. Mama akauweka upawa chini. Akainuka polepole, bila kugeuka nyuma.