Leo Simshikii Mtu

Kila siku baada ya shule, Kasuku alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mama yake, akaketi kati ya kabati la mafaili na dirisha, akafanya kazi zake za nyumbani. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Mama yake alikuwa wakili, naye, tofauti na binti yake, aliyapima maneno kabla ya kuyatoa.

Palikuwa na wakili mwingine aliyeanza kazi pamoja na Mama. Watu walimwita Manukato, maana harufu yake ilifika kabla yake. Mama ndiye aliyehoji mashahidi na kuandaa hoja. Manukato ndiye aliyesimama mahakamani kuzisema. Siku alizochelewa, nazo zilikuwa nyingi, alipiga simu: "Dada yangu, nishikie leo. Kesi unaijua kuliko mimi."

Kwa desturi ya mahakama, wakili anayesimama badala ya mwenzake husema kwamba anamshikia, na kesi hubaki kwa jina la mwenzake huyo. Wakati wa likizo, Kasuku alimwona Mama akimtetea hivyo mjane aliyekuwa karibu kunyang'anywa nyumba. Mama alishinda. Mjane akalia kwa furaha, kisha akatoka mbio kwenda kumshukuru Manukato, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye gari.

"Mama, mbona hukusema?" Kasuku aliuliza, amevimba kwa hasira.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," Mama alijibu. "Kazi yangu wanaiona."

Mwezi huo ofisi ilitaka kumchagua mbia mpya, yaani mmoja wa wenye ofisi, ambaye jina lake lingechongwa kwenye kibao cha shaba mlangoni. Majina yote pale yalikuwa ya wanaume. Mama alinunua viatu vipya. Hakusema ni vya nini, lakini Kasuku alijua.

Siku ya uamuzi, mlango wa mkuu wa ofisi haukufungwa vizuri, na Kasuku alisikia kila neno.

"Nimetazama kumbukumbu za mahakama," mkuu alisema. "Kesi tulizoshinda zina jina la mwenzako. Lako silioni."

"Mzee, nyingi nilisimama mimi. Nilikuwa namshikia."

"Basi hata wewe ulitamka mahakamani kwamba ni zake." Mkuu akacheka. "Usikasirike, mama. Una mtoto wewe, tulikuhurumia tukakupunguzia mzigo. Halafu wateja wakubwa wanataka mwanaume. Mwenzako anakuja sasa hivi tumpongeze. Hebu tuagizie chai."

Kasuku alingoja Mama apige meza. Mama akaagiza chai.

Manukato alikunywa, kisha akampa Kasuku peremende. "Soma kwa bidii, binti. Siku moja utakuwa kama mama yako." Wote wakacheka, na hakuna aliyedhani kwamba pamesemwa neno baya.

Njiani Mama alilia waziwazi, wapita njia wakimkodolea macho. "Nimewazoesha mimi mwenyewe," alisema. Kasuku alimshika mkono.

Kichwani alikuwa anafikiria mdahalo wa shule wa kesho yake. Hoja za darasa aliziandika yeye na kumpa kiranja azisome, kwa kuwa mwalimu aliamini sauti ya mvulana ndiyo inayofika nyuma ya ukumbi. Siku ilipofika, aliing'ang'ania karatasi. "Hoja ni zangu. Nitazisema mwenyewe."

"Utalia jukwaani wewe!" kiranja alimcheka. Mwalimu akaguna, akamruhusu.

Kasuku alisimama, akasoma sentensi ya kwanza, akakwama. Wavulana wakamwigiza kwa sauti nyembamba, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Darasa likashindwa. "Si nilisema?" mwalimu aliuliza mbele ya watu wote.

Alifika ofisini akilia, akamkuta Mama anapakia vitabu kwenye boksi. Alikuwa ameacha kazi. Alimsikiliza binti yake hadi mwisho, akamfuta machozi, akaendelea kupakia.

Mama alikodi chumba kidogo juu ya duka la fundi cherehani. Wateja wa zamani hawakumfuata. Hata yule mjane alibaki kwa Manukato. Aliyekuja alikuwa fundi viatu aliyefukuzwa kibandani kwake. Kesi yake ilipoitwa, Kasuku alikuwa ameketi kiti cha nyuma.

Hakimu hakuinua hata kichwa. "Leo unamshikia nani?"

"Simshikii mtu, Mheshimiwa. Kesi hii ni yangu." Mama akataja jina lake kamili, polepole, na karani akaliandika. Siku hiyo fundi viatu alirudishiwa kibanda chake.

Nje ya mahakama, Mama alimvuta binti yake karibu. "Mimi nilikuwa nashinda kwa jina la mtu. Wewe ulishindwa kwa jina lako, na ni wewe uliyenipa ujasiri wa kulitaja langu. Chema chajiuza, mwanangu, lakini mwenye duka asipokuwepo, malipo huyapokea jirani. Fanya kazi kwa bidii, halafu isimamie mwenyewe, hata wakikucheka."

"Mwalimu ameniambia tena nimwandikie kiranja hoja," Kasuku alisema.

"Nawe utamjibuje?"

Kasuku hakuhitaji kufikiri. "Simshikii mtu."